Bawaba Karudi na Mlango

Ndiyo, niliuza mlango. Tuanze hapo hapo, asije mtu akadhani ameshika siri yangu. Masufuria na redio nilikuwa nimeshavimaliza. Ukabaki mlango wa mbele wa nyumba ya mama yangu, nao nikauuza mchana kweupe, yeye akiwa kazini anapiga pasi nguo za watu, kazi ambayo siku nyingine huifanyia nyumbani. Nilifungua skrubu moja moja kwa kisu cha jikoni, nikajitwika, nikaenda zangu. Bawaba nikaziacha zikining'inia kwenye fremu, kwa sababu zilikuwa na kutu na mimi nilikuwa na haraka. Arosto haisubiri mtu. Kama hujui arosto ni nini, shukuru. Ni pale mwili unapoudai unga wa kulevya, mifupa inauma mpaka unatamani uivue uiweke kando.

Mama aliporudi alikuta kuku wa jirani sebuleni, wamestarehe. Mtaa ulicheka mpaka basi. Tangu siku hiyo jina langu likafa, nikaitwa Bawaba. Na mama naye akakoma kuwa mtu wa kupigiwa hodi, maana utapiga hodi kwenye hewa? Kila mwenye shida alisukuma kichwa ndani tu: mama fulani upo, nguo zangu tayari? Mwingine hata shida hakuwa nayo, alipita kuangalia tumepika nini.

Mama hakulia wala hakunipiga. Nilipojitokeza jioni nilimkuta amesimama pale palipokuwa na mlango, mikono kiunoni.

"Usikanyage hapa mpaka uje na mlango wangu," akasema.

Basi, neno moja tu, hakuongeza. Nikaondoka nikimtukana moyoni, lakini neno lenyewe lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliyenipeleka kituoni, kwenye kituo cha kuachisha unga, ni mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Alinitoa kijiweni kwa sikio, mtu mzima mimi, mbele ya wenzangu. "Ukitoroka nitakufuata mpaka ahera," akaniambia, "na nitakuja na ndala mkononi." Mama mdogo hatanii na ndala.

Kituo chenyewe ni nyumba ya kawaida tu: vitanda vya chuma, ua wenye kamba za nguo, jiko linalonuka vitunguu, na nyuma kabisa karakana ya useremala. Mwanzoni nilitapika na nikatukana. Nilimtukana muuguzi, nikamtukana mpishi, walipoondoka nikaugeukia ukuta. Muuguzi alikuwa akinifuta jasho huku anasema, "Tukana tu, dada, ila kunywa maji." Nilimchukia kwa upole wake. Sasa nampenda, lakini simwambii, atavimba kichwa.

Maumivu yalipopungua nikaanza kuingizwa kwenye vikao. Mnakaa duara, kila mtu anasema alichokosa na anayetaka amsamehe. Watu walilia pale, na sikatai, kuna waliopona kwa kulia. Zamu yangu ilipofika mshauri akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza ningependa kumwambia nini mama.

"Hakuna," nikasema. "Mama hakuomba maneno. Aliomba mlango."

Watu wakatazamana. Fundi wa karakana, ambaye zamani alikuwa mtu wa unga na makovu yako mikononi mpaka leo, akaangua kicheko. "Mpeni randa huyu kabla hajatupiga," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoingia useremala. Mbao tulizipata kwa kubomoa makreti ya mizigo. Vipimo aliniletea mama mdogo siku ya kutembelewa: kamba nne, kila moja imekatwa sawasawa na upande mmoja wa fremu, na nyingine mbili za kukatiza kona kwa kona. Alizipima wakati mama yuko kazini. Fundi akazitandaza mezani, akakuna kichwa.

"Mama mdogo wako alikuwa amelewa?"

"Hanywi huyo."

"Mbona pande hazilingani?"

"Ndivyo nyumba yetu ilivyo." Ukuta wetu wa kushoto ulititia mwaka wa mvua kubwa, nyumba nzima ikaegemea kama mtu anayesikiliza umbea dirishani. Mlango wa zamani ulichongwa na kuchongwa tena ili uingie.

"Tengeneza mlango ulionyooka," fundi akasema, "kisha twende tukainyooshe fremu."

"Ukigusa fremu, ukuta unashuka. Halafu mimi nimeambiwa nilete mlango, sikuambiwa nilete nyumba."

"Kichwa kigumu hicho kingekuua, unajua?"

"Ndicho kilichoniacha hai."

Tukabishana mpaka chai ikapoa, mwishowe akanyoosha mikono juu. Nikaanza kutengeneza mlango uliopinda, na usidhani kupinda ni rahisi. Niliharibu mbao, nikajigonga vidole, nikarusha nyundo mpaka mpishi akaja kuuliza kama kuna vita. Siku moja nikakata ubao mzuri katikati kwa uzembe, nikasema potelea mbali. Nikatoka. Nilifika mpaka getini na gauni la kazi mwilini. Lango la kituo halifungwi kwa kufuli, hata mlinzi hakunyanyuka. Nikasimama pale najua kabisa njia ya kwenda kijiweni. Halafu nikakumbuka kopo la gundi nimeliacha wazi. Gundi ikikauka ni hasara, na fundi angenisema mwezi mzima. Nikarudi kulifunika. Mkitaka kujua, hiyo ndiyo siku niliyopona, ingawa mshauri anasema kupona hakuwi kwa siku moja. Mwacheni na yake.

Mlango ulipokamilika niliuwekea komeo la mbao kwa ndani, nikaupaka mafuta ya mbao mara mbili. Fundi akauzunguka, akapitisha kidole kwenye maungio.

"Subiri Ijumaa nikusindikize na mkokoteni," akasema. "Mtaa wako unakujua."

"Ndiyo maana naenda mwenyewe. Uliondoka kichwani kwangu, utarudi kichwani kwangu."

"Na wakikuita mwizi?"

"Wameniita nini kingine mpaka leo?"

Akanipa bisibisi na skrubu kwenye kitambaa. Nikajitwika.

Ningeweza kupita njia ya nyuma. Thubutu! Nilipita barabara kubwa, katikati ya maduka, jua likiwaka. Watu waliniona toka mbali, nami nikawaona wanavyogusana viwiko. Pale kijiweni rafiki yangu wa zamani akanyanyuka kwenye tofali lake, amebaki macho na meno tu.

"Bawaba! Umeupata wapi? Mnunuzi ninaye, tugawane."

Msidhani sikusikia kitu. Mate yalinijaa mdomoni. Mwili una kumbukumbu zake na hauniombi ruhusa.

"Huu hauuzwi," nikasema.

"Kila kitu kinauzwa. Si wewe uliyetufundisha?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nikapita. Miguu ilikuwa mizito kuliko mlango.

Nilipokata kona ya kwetu, muuza mkaa akaniona. Huyu kibanda chake kinatazamana na nyumba yetu, na mdomo wake haujawahi kupumzika. Akaruka kutoka kwenye magunia, mweusi mpaka kwenye kope, akanishika mkono.

"Bawaba karudi na mlango! Jamani, njooni! Mara ile alitoka na mlango, leo anaingia na mlango wa watu!"

Lo, watu wanavyojua kutokea! Mtaa uliokuwa umelala ukajaa. Wakaushusha mlango kichwani kwangu kwa nguvu, skrubu zikamwagika, nikapiga magoti kuziokota kabla hazijakanyagwa. Mmoja akauliza mlango umetoka wapi, mwenzake akamjibu kabla mimi hata sijafungua mdomo. Mwanamume mmoja mwenye kofia akaugonga gonga, akatangaza kwamba ni wake, wa stoo, umeibwa juzi. Nyuma nikasikia mtu anasema huyu dawa yake ni moja tu, na nikaona mkono umeshika jiwe.

Niliogopa, naapa. Lakini jiwe silo lililonitisha zaidi. Nilijijua. Wakiuchukua mlango huu, jioni hii niko kijiweni. Si kesho wala wiki ijayo, jioni hii hii. Sina kingine cha kumpelekea mama, na bila mlango kwa mama sina pa kuingia.

Nikasimama na skrubu zangu mkononi.

"Wewe mwenye kofia. Ni wako?"

"Wangu kabisa."

"Stoo yako imepinda?"

"Imepinda vipi? Nimejenga kwa matofali ya kuchoma, imenyooka kwa pima maji."

"Basi utazame vizuri huo mlango wako."

Akautazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, akainamisha upande wa pili. Watu nao wakainamisha.

"Ala! Mbona umekwenda tenge hivi? Fundi gani kilema katengeneza hiki kitu?"

"Mimi."

Mtu akacheka. Wa kofia akarudi nyuma, akasema labda wake ni mwingine.

"Kwa hiyo umeiba mbao!" muuza mkaa akapaza sauti, mkono wangu bado hajauachia. "Nani anatengeneza mlango wa kupinda? Nyumba gani itaingia?"

"Si ile pale?" Nikamwonyesha kwa kidevu. "Unaitazama toka asubuhi mpaka jioni, hujaona imeinama? Niachie mkono. Nikiuweka usipoingia, jiwe si lipo? Lirusheni."

Wakaubeba wenyewe. Twende, twende, tuone! Watu wanapenda kuona.

Mlangoni kwetu palining'inia shuka kuukuu. Kabla hatujafika likasogezwa, mama akatoka, pasi ya mkaa mkononi inafuka moshi. Alikuwa amekonda. Nywele za mbele zimekuwa nyeupe na mimi sikuwepo zikibadilika.

"Kelele za nini mlangoni kwangu?"

"Mama, mlango gani? Huna mlango!" mtu akasema, watu wakacheka.

"Tumemkamata mwanao," muuza mkaa akaanza, "ana..."

"Wewe nyamaza. Mkaa wako wa jana ulikuwa vumbi tupu."

Hakunitazama usoni. Aliutazama mlango. Akaupapasa ukingo kwa kiganja, juu mpaka chini, kama anavyopapasa shati kutafuta mkunjo.

"Nani katengeneza?"

"Mimi, mama."

"Umepinda."

"Na nyumba imepinda."

Mama akalivua shuka, akalikunja, akaliweka begani.

"Weka," akasema.

Nikasogea kwenye fremu, nikainua mkono kuishika bawaba ya juu, nikijiandaa kupambana na kutu. Haikuwa na kutu. Iligeuka yenyewe, laini, bila hata kulia, ikaniachia mafuta vidoleni. Nikashika ya chini, vilevile. Mafuta mabichi. Bawaba ambazo hazikushika kitu toka nilipoondoka, mtu alikuwa anazipaka mafuta.

Sikugeuka kumtazama mama. Ningegeuka ningelia, na sikutaka mtaa ule upate hata chozi langu moja. Wanaume wawili wakaushikilia mlango, nami nikakaza skrubu. Nilipomaliza nikasema, "Achieni." Nikausukuma kwa kidole.

Ukaingia. Juu ukaingia, chini ukaingia, upande ule ulioinama ukalala kwenye fremu yake kana kwamba haujawahi kuondoka.

"Lo!" akasema wa kofia.

"Mimi nilijua tu," akasema muuza mkaa.

"Ulijua nini? Njoo hapa uniite mwizi sasa. Njoo!"

Hakuja. Aliyeshika jiwe sikumwona tena. Nikageuka nimtafute mama, mama akapita mbele yangu, akaingia ndani, akaufunga mlango. Nikasikia komeo langu mwenyewe linaingia kwenye tundu la zamani.

Mimi nje.

"Kafungiwa," mtu akanong'ona. Mwingine akaguna. Damu ilinichemka. Nimeuchonga, nimeubeba, nimenusurika kupigwa mawe kwa ajili yake, halafu mlango wenyewe unifungie nje! Nikainua mguu niupige teke. Na mguu ukiwa juu ndipo nikaelewa. Mama alikaa siku zote hizo na nyumba ambayo kila mtu anaingiza kichwa. Sasa ana mlango.

Nikashusha mguu, nikafuta mikono kwenye gauni, nikagonga.

"Hodi."

Nikagonga tena.

"Hodi hapa!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Nyuma yangu nilisikia mtu anachekea puani, "Bawaba."

"Mtoto wako, mama."

Komeo likatoka. Mama akafungua, pasi bado mkononi, na safari hii akanitazama usoni, akanitazama sana. "Mtoto wangu, karibu," akasema. Nikavuka kizingiti. Muuza mkaa naye akanyoosha shingo kutaka kuchungulia kama alivyozoea, na nyuma yake nusu ya mtaa.

"Nyinyi sijasikia mkipiga hodi," mama akawaambia. Halafu akanigeukia. "Funga mlango, mwanangu."

Nikaufunga, na komeo nikalirudisha mwenyewe.