Maharage ya Evarista

Siku ya nne mfululizo Bibi Evarista alikuwa amechuchumaa bustanini kwake, Kihesa, akigeuza majani ya maharage moja moja. Wadudu mafuta wamejazana upande wa chini, weusi, wanene, na majani yamejikunja. Majivu alishanyunyiza, mvua ikayaosha. Maji ya sabuni yaliwapunguza siku moja tu. Mwaka huo wa hamsini na nne mahindi yalidumaa, na maharage hayo ndiyo tegemeo la nyumba nzima. Mgongo ulimwuma, wala hapakuwa na wa kumpokea.

Basi akachemsha tumbaku, maji yakapoa, akayanyunyiza kwa kifagio kwenye matuta yote isipokuwa mawili ya bondeni, ambayo wadudu hawajayafikia. Akaingia ndani ajinyooshe kidogo. Usingizi ukampitia.

Alipotoka, jua limeshainama, na vichipukizi vya tuta la juu vimechumwa. Hakushangaa. Pale kwao jirani akikosa mboga huchuma kwako bila kuomba, nawe kesho huchuma kwake. Ila mwenye kutia dawa hufunga nyasi kwenye kijiti, watu waone. Yeye hakufunga.

Akajikokota hadi kwa jirani yake wa karibu, Alinanuswe, yule aliyeolewa kutoka Tukuyu. Chungu kilikuwa jikoni, watoto watatu wameuzunguka ugali.

"Kamwene. Umechuma kwangu?"

"Nimechuma, mama. Mbona unahema, mboga zilikukimbia?"

"Zina maji ya tumbaku. Wameshakula?"

"Bado. Ndiyo kwanza nimetia karanga."

"Mwaga."

"Na karanga zangu? Baba yao anavuta tumbaku kila siku na hajafa."

"Anavuta, haili kwa ugali. Mwaga, mwanangu. Kosa ni langu, sikufunga nyasi."

Alinanuswe akaepua, akamwaga yote shimoni. Mtoto mdogo akaanza kulia.

"Chukua kikapu," Evarista alisema.

Wakashuka matuta ya bondeni. Evarista alichuma mwenyewe, polepole, akijua shina lililonyang'anywa majani halizai sawasawa. Watoto watatu si wachache. Tuta moja likabaki vijiti.

"Umebakiwa na moja safi," Alinanuswe alisema.

"Naliona."

"Kesho nitakuja tuioshe tumbaku kwenye matuta ya juu, sote wawili."

"Njoo mapema," Evarista akasema, akitafuta pa kukaa. "Mimi leo nimeishiwa."