Shemeji Ale Moshi

Nilimwambia fundi mambo mawili tu: nataka gari lipande mlima, na nataka anayekuja nyuma yangu ajute.

Fundi alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. Mji mzima ulimwita Masizi, kwa sababu hata siku ya harusi yake alikuwa na weusi kwenye kucha. Aligonga sailensa kwa bisibisi, ikalia kama bati bovu, na kutu ikammwagikia usoni. Akatema pembeni, akacheka peke yake.

"Dada, gari lako si bovu. Halipumui," alisema kutoka huko huko chini. "Bomba la moshi jembamba, limepindwa-pindwa hovyo, na hii sailensa imejaa masizi hadi kooni. Injini inasukuma moshi, moshi hauna pa kutokea, nguvu inaishia humo humo. Nikuwekee bomba pana kuanzia kwenye tabo, pale moshi unapotokea injini, mpaka nyuma, lisilo na kona za ajabu, na sailensa iliyo wazi katikati. Utanitafuta unishukuru."

"Litaipita pikapu ya petroli mlimani?"

Kichwa kikachomoza. "Pikapu ya nani?"

"Ya mume wangu."

Akaacha kucheka. Alijua mume wangu amezikwa, na alijua pikapu hiyo sasa inaendeshwa na nani.

Mimi na mume wangu tulikuwa na kazi yetu. Tulikusanya maziwa kwa wafugaji wa kule bondeni, tukayapandisha kwenye jiko la chuo kilicho juu ya mlima. Pikapu ilibeba maziwa, na huu mkweche wa dizeli ulikuwa wangu wa kupelekea watoto shule. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaita kikao sebuleni kwangu. Akakohoa, akakunja nne, akasema pikapu ni mali ya ukoo na inahitaji mwanamume. "Na shemeji hatujamsahau," akaongeza, "atabaki na dizeli yake." Mtu mmoja nyuma akacheka, na wengine wakadandia. Mama mkwe alikuwa ameketi kando yangu kwenye kochi moja, goti lake linagusa langu. Nilimgeukia anisemee. Akaangalia zulia mpaka kikao kikaisha.

Pikapu ningeimeza. Nimemeza mengi tangu niolewe katika ukoo ule. Kilichonikaba ni kwamba kabla sijaanza hata kutoka nje vizuri, shemeji alikwisha kuzunguka kwa wafugaji akiwaambia nimechanganyikiwa kwa msiba na kazi nimemwachia yeye. Wengine walimwamini. Wachache walionijua waliendelea kunipa maziwa, nikakunja viti vya nyuma vya mkweche nikapanga madebe, nikaingia barabarani.

Tabu ilikuwa mlimani. Tangi la baridi la chuo ni dogo, na mtunza stoo alikuwa na utaratibu wake: anayetangulia anapokewa, anayechelewa anarudi na maziwa yake. Mimi nilikuwa naamka kabla ya shemeji, nafika darajani kabla yake, halafu mlima unaanza na mkweche unaanza kuugua. Gia ya pili, kiatu sakafuni, na bado mtu wa miguu anakusalimia na kukuuliza habari za watoto. Hapo ndipo pikapu inatokea nyuma. Shemeji ananipita taratibu makusudi, anapiga honi kwa mbwembwe kama anasindikiza bibi harusi, na mkono anaupunga dirishani. Nikifika juu, tangi limejaa. Watoto wangu walikunywa maziwa asubuhi, mchana na jioni hadi wakawa wanajificha wakiona kikombe.

Kisha mtunza stoo akatuita wote wawili, akasema amechoka kugombaniwa getini. Jumatatu muhula unafunguliwa, ataandika mtu mmoja wa kuleta maziwa muhula mzima, naye ni atakayefika wa kwanza akiwa na mzigo kamili. Shemeji alinitazama, akautazama mkweche, akacheka mpaka akashika mbavu. Nikarudi nyumbani nikauza makochi, yote, hata lile nililokalia siku ya kikao. Hilo nililiuza la kwanza.

Ndivyo nilivyofika kwa Masizi. Alikata bomba la zamani kwa msumeno, akalitupa kwenye rundo la vyuma, na nilipochungulia ndani yake nisingeweza kupitisha hata kidole gumba. Alichomelea jipya kipande kwa kipande, akitoka kila mara kupima kwa jicho kama fundi cherehani. Alipofika mwisho akaniuliza mdomo wa bomba uangalie wapi, pembeni au chini.

"Nyuma," nikasema. "Unyooke, na uinuke kidogo."

"Utamwangalia mtu usoni."

"Ndiyo."

Akauchomelea hivyo. Halafu akafungua boneti, akaeleza kwamba sasa injini inapumua, pampu ya dizeli inaweza kuongezwa kidogo ili gari lipate nguvu yake yote. Akazungusha skrubu kwa uangalifu. Nikamwambia aongeze. Akasema akiongeza zaidi ya hapo haongezi nguvu, anaongeza moshi tu, mweusi tititi, na injini itapata joto bure.

"Ongeza," nikasema. "Jumatatu jioni nitakuja urudishe."

"Dada, wewe una roho mbaya."

"Nilikuwa nayo nzuri. Nilipewa nini?"

Akaongeza. Nilipowasha, mkweche haukuugua. Ulinguruma kwa sauti nzito, ya chini, na nilipokanyaga mafuta barabarani mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti. Nilicheka kwa sauti mle ndani peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jumatatu nilifika darajani, nikasimama. Ningeweza kupanda nikamaliza kazi. Lakini nilitaka anione. Nikangoja pikapu itokee kwenye kona, nikamwacha anipite, akapiga honi yake ya harusi, mkono nje. Ndipo nikaingiza gia na kumfuata.

Katikati ya mlima nilikuwa nimekaa kwenye bampa lake. Nilimwona kwenye kioo chake akitoa macho. Nikahamia upande wa pili, nikakanyaga, mkweche ukaitika, na tukawa sambamba, yeye ameng'ang'ania usukani na shingo imemtoka mishipa. Sikumpigia honi wala kumpungia. Nilimtangulia tu, nikarudi mbele yake, nikashusha gia na kukanyaga mpaka mwisho. Kwenye kioo changu pikapu haikuonekana tena. Kulikuwa na wingu jeusi, na ndani ya wingu mtu anapiga honi. Roho yangu ilisuuzika, sitaki kuficha.

Hakukubali. Alinifukuza kwa hasira, mzigo umejaa, injini inapiga kelele, na mwanamume yule hakuwahi kukagua maji ya rejeta tangu aichukue pikapu ile. Marehemu alikagua kila asubuhi. Karibu na kilele wingu jeusi likaingiwa na jeupe, mvuke ukaruka kutoka kwenye boneti, na pikapu ikasimama.

Ningekwenda zangu, ushindi ulikuwa mkononi. Lakini pale mlimani hapakuwa na mtu wa kumwona. Mara tu baada ya kilele barabara inaingia mjini, inapita kati ya maduka yote, ndipo inafika chuoni. Nikarudi kinyumenyume mpaka mbele ya pikapu, nikashuka na kamba.

"Shemeji!" Alikuwa anajipepea kwa kofia, uso una madoa ya masizi, lakini tayari meno yako nje. "Aisee, damu nzito. Nivute mpaka hapo kileleni tu."

"Nitakufikisha chuoni kabisa, shemeji. Maziwa yataharibika."

Alifurahi hasa. Alishika kamba mwenyewe, akaifunga mwenyewe. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na mtu amejifunika mtandio kichwa kizima kwa sababu ya mvuke. Nikajua ni mkewe, ambaye siku ya kikao alicheka kuliko wote. Nikasema moyoni, na wewe ule moshi. Vioo vya pikapu ile havipandi hadi juu, mshikio wa kimoja ulivunjika zamani na cha pili hakijawahi kutengenezwa. Nilijua. Lilikuwa gari letu.

Tukaingia mjini. Kila nilipoona watu nilipunguza mwendo, kisha nikakanyaga mafuta ili kamba ikaze. Kinyozi alitoka nje na mteja wake mwenye kichwa nusu. Washonaji wote wakaacha cherehani. Foleni ya benki iligeuka yote kwa pamoja. "Bwana mkubwa, leo unavutwa kama jeneza!" mtu alipaza sauti, na kicheko kikatembea duka hadi duka. Shemeji alipiga honi nisimame. Nami nikapiga yangu, kwa furaha, kama nimeelewa anasalimia. Nilikwenda mwendo wa maiti mpaka kwenye geti la chuo.

Mtunza stoo alikuwa amesimama pale na karatasi zake, mlinzi kando, na wapishi wawili wametoka kuchungulia. Nilishuka nikitegemea kuona shemeji anadhalilika. Badala yake mlinzi akapiga makofi.

"Hii ndiyo familia, bwana," akasema.

"Moyo kama huu siku hizi haupo," mtunza stoo akaitikia, na macho yake yalikuwa na unyevu kweli. "Mtu unashindana naye, anaharibikiwa, unarudi kumbeba. Mimi nimeamua. Nitawaandika wote wawili, nusu kwa nusu."

"Hata mimi nilitaka kusema hivyo," shemeji akadakia, uso mweusi kama chungu. "Sisi ni damu moja. Hatuna tofauti."

Nusu ya maziwa yangu, kwa mdomo wa tabasamu, mbele ya mashahidi, kama pikapu. Ndipo mlango wa pembeni wa pikapu ukafunguka, na mtandio ukashuka, na aliyekuwa chini yake hakuwa mke wa shemeji. Alikuwa mama mkwe, anapelekwa kliniki ya macho. Masizi yalikuwa yamejaa kwenye mikunjo ya uso wake na machozi yamechora njia mbili. Akaja akikohoa, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie. Ungeweza kutuacha."

Mpishi mmoja akasema amina. Kila mtu alikuwa ananitazama kwa upendo, na nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Ningeondoka na sifa, na baraka za mama mkwe, na nusu.

"Mama," nikasema, "sikuwavuta kwa wema."

Mikono yake ikatulia ndani ya yangu.

"Kwenye buti nina dumu la maji limejaa. Ningetaka kumsaidia ningempa maji akasubiri injini ipoe, akaja mwenyewe. Nilimrudia nimpitishe mjini akila moshi, watu wamwone. Na bomba lile niliagiza lielekezwe hivyo. Nusu siitaki. Nimefika wa kwanza."

"Mnamsikia?" Shemeji alipata sauti. "Mnamsikia huyu mwanamke? Ana sumu! Mama, umemsikia?"

Mama mkwe hakumgeukia. "Ulijua niko ndani?"

"Sikujua."

"Ungejua?"

Nilitafuta uongo, na uongo ulikuwepo, mzuri, ungemfurahisha kila mtu pale. Lakini nililiona tena lile zulia la sebuleni.

"Ningevuta vilevile, mama."

Aliniachia mikono. Akachukua ncha ya mtandio, akajifuta jicho moja, kisha la pili, taratibu, akaangalia weusi uliobaki kwenye kitambaa.

"Mwandike huyu," akamwambia mtunza stoo. "Peke yake."

"Mama!" shemeji akafoka.

"Nyamaza. Hili ndilo neno nililotakiwa kusema sebuleni kwake, nikaogopa wewe utanuna. Mwandike huyu. Na wewe, hiyo pikapu ikipoa, utaipeleka kwake."

Mtunza stoo aliangalia chini, akaandika. Shemeji alifungua mdomo, akatutazama mmoja mmoja akitafuta wa kumtetea, na aliowaona wote walikuwa wanaangalia karatasi. Akaenda kuegemea pikapu, akatugeuzia mgongo.

Mimi sikumshukuru mama mkwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa hilo, na hasira yangu haikuwa na pa kukaa. Nilifungua buti nikavuta debe la kwanza. Lilikuwa zito. Yeye akaja, akashika mshikio wa upande wa pili bila kuniuliza, nami sikumwambia auache.