Mama Mapasa wa Kwanza

Ubishi wa nani apewe nafasi katika chumba cha baridi ulimchosha Papa Félicien, mkubwa wa ushirika wa wauza samaki pale Kalemie, mpaka akaamua kompyuta ichague. Waliopima kilo nyingi mwaka mzima wataingia, awe muuzaji mmoja ama kikundi chenye kadi moja. Wengine watajijua.

Falone, fundi wa tovuti ya ushirika, akaandika swali la kujumlisha data: kusanya mapimo yote kwa jina la muuzaji, jumlisha kilo, panga kuanzia juu. Namba za kadi zilikuwemo, ila aliona jina linatosha. Kalemie hii nani asiyemjua mwenzake? Moyoni alimwombea dada yake mkubwa, yaya Denise. Tangu azae mapasa, watoto wawili kwa mpigo, Denise hakuweza tena kukaa sokoni mpaka jioni, na samaki wake, migebuka, walikuwa wanaozea kwenye beseni.

Siku ya mkutano, matokeo yakatokea ukutani. Wa kwanza, tena kwa mbali, alikuwa Mama Mapasa.

Wakasimama wanawake watatu, Denise akiwemo. Kila mmoja akashukuru.

Falone aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mwanamke akishazaa mapasa, jina lake la zamani limekwisha; anaitwa Mama Mapasa. Kumwita kwa jina lile ni kumkosea heshima, na karani aliyeandika majina kwenye mizani hakuwa mtu wa kukosea mama za watu heshima. Swali la Falone nalo, kwa adabu hiyohiyo, lilikuwa limewafanya wote mama mmoja mwenye nguvu za kutisha.

Akasahihisha palepale, mbele ya watu: kusanya kwa namba ya kadi, si kwa jina. Mama Mapasa akagawanyika mara tatu, na wote watatu wakaanguka nje ya nafasi. Papa Félicien akasema sasa hesabu imenyooka. Falone alitazama sakafu. Kumtoa yaya yake kwa mkono wake mwenyewe kulimuuma kwelikweli.

Denise hakuketi. Alinong'onezana na wenzake wawili, kisha akauliza:

"Falone, yule mama wa kwanza, unaweza kumurudisha?"

"Yaya, yule mama hayuko."

"Yuko. Njo sisi watatu. Mutupe kadi moja."

Papa Félicien akatafuta kanuni ya kumkatalia, akakuta ile aliyoitoa mwenyewe. Falone akaunganisha kadi tatu kuwa moja, akaendesha swali upya. Mama Mapasa akarudi juu, na safari hii hakuna aliyekuwa na la kusahihisha.

Kesho yake Denise aliondoka sokoni mapema akanyonyeshe, na migebuka yake ikabaki kwenye baridi.