Ungependa Kurudi Tena?

Saa nane mchana mgahawa ulikuwa umefurika, na karani wa tathmini alizunguka meza hadi meza na kishikwambi chake, akiuliza wateja kama wameridhika. Wengi waliridhika. Walisifu upepo wa majini, kuta za matofali za kilichokuwa kiwanda cha kamba za meli, na vyoo, ambavyo kusema kweli vilikuwa visafi kuliko nyumba za wengi wetu.

Kwenye meza ya dirishani alimkuta marehemu mama yake, amesimama katikati ya watu wawili waliokuwa wakila, vidole vikisokota kamba. Mashine yake ilikuwa hapo zamani. Alianguka hapo hapo akiwa zamuni, na wenzake wakaambiwa waendelee na kazi.

"Samahani mama, nipishe kidogo," alisema mhudumu aliyebeba sahani. Mama akampisha.

Karani alitamani kumkumbatia, lakini kazi ni kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Mama, umeridhika na mahali hapa?"

Mama aliangaza macho huku na huku. "Pamependeza, sikatai. Ila miguu inaniuma. Waambie wapige king'ora nitoke zamu."

King'ora chenyewe kilining'inia juu ya kaunta, kimesuguliwa kikang'aa, mdomoni kimechomekwa maua. Karani alijua kikilia tu, mama ataondoka moja kwa moja. Roho ilimvuta huku na kule, kisha akaliandika ombi kama lilivyosemwa.

Jioni meneja alilisoma. "Yule mama wa dirishani? Hana neno, hasumbui mtu. Lakini king'ora hapana, kitatufukuzia wateja." Akalifuta, kwa kuwa maoni yanayohesabiwa ni ya wateja, na mama hakuwahi kuagiza hata chai.

Karani alifurahi kwamba mama atabaki. Akaionea haya furaha yake njia nzima hadi nyumbani.

Kesho yake alirudi dirishani. Lilikuwa limebaki swali la mwisho.

"Mama, ungependa kurudi tena?"

Mama alicheka kicheko kile kile cha nyumbani, vidole havikusimama. "We mtoto una mambo! Nitarudije na sijatoka?"

Kishikwambi kilikuwa na ndiyo na hapana tu. Karani alibonyeza ndiyo, akahamia meza ya pili.