Baridi ya Minza

Kila asubuhi Minza, mke wa Masunga, alinunua barafu tatu za mfuko dukani kwa Zuhra, hapo Inyonga, akazitafuna palepale amesimama. Mlio ulifika mpaka kijiwe cha bodaboda.

"Shemeji, unasaga kokoto?"

"Njoo nikusage na wewe."

Jumanne gego lake likapasuka. Kwenye ule ufa ukaanza kutoka upepo wa baridi, na kufika jioni ukuta wa chumba chake ulikuwa umeganda barafu.

Nesi Pudensiana alivaa sweta, akamvuta kope la chini. Peupe.

"Damu huna, dada. Hiyo hamu ya barafu imetoka huko, na meno utayamaliza. Vidonge vya damu vimetuishia. Kula maini. Mimba ina miezi saba. Ukijifungua hivi hivi, utatufia."

Masunga ana ng'ombe themanini. Alhamisi akachinja dume, akaona chumba cha mkewe kinafaa, akatundika nyama humo.

"Baba Kulwa, nesi kasema nile maini."

"Si unajua kwetu maini ni ya wanaume? Ukila nitaitwaje? Halafu ukiongea, geukia huku kwenye mapaja, yameanza kulainika."

Minza akageukia mapaja.

Habari zikaenea. Watu wakaleta maziwa, wakaleta samaki. Zuhra alileta kreti ya soda. Chupa mbili zikapasuka, akalalamika, akaihamishia karibu na mlango. Wenye ng'ombe wakaleta maini, yakae mpaka Jumapili wakutane wayachome. Kila ini lilifungwa kitambaa chenye jina la mwenyewe.

Jumamosi Pudensiana alikuja kumpima. Minza alikuwa amelala chini ya maini kumi na moja, amejifunika mablanketi manne. Kope lilikuwa jeupe kuliko juzi.

"Hujala hata kipande?"

"Ya watu hayo, nesi. Mimi nayatunza tu. Nikigusa, narudishwa kwetu."

Pudensiana akachukua kadi ya kliniki, akaandika: *Damu imeshuka tena. Ale maini.* Akapiga mstari chini yake, mara mbili. Kisha akatoka nje, akarudi amebeba kasha la chanjo za watoto.

"Friji la zahanati limekufa jana. Una nafasi?"

Minza akakunja miguu.