Mlango Mgongoni mwa Hilaria

Ilikuwa siku ya mnada, Katesh. Imakulata alikuwa amekaa juu ya gunia lililokunjwa, akipukusa maganda makavu ya vitunguu saumu alivyoshusha asubuhi kutoka Dongobesh, vyenye punje nene akiviweka kulia kwa ajili ya wanunuzi wa Singida, vyembamba kushoto kwa ajili ya majirani. Mwanamke wa kwenye kitabu akafika, akatua mlango aliokuwa ameubeba mgongoni, akauegemeza kwenye nguzo ya kibanda na kuomba maji ya kunywa.

Imakulata akampa maji. Kisha akamwambia auhamishe ule mlango, unaziba wateja.

"Samahani, mama," alisema Hilaria, akausogeza.

Ulikuwa mlango wa mninga uliopakwa rangi ya bluu, kitasa chake cha shaba kimeng'arishwa na mikono ya watu. Hilaria aliubeba kwa mkanda wa ngozi kama mzigo wa kuni, na shingo yake ilikwisha kuzoea kuinama.

Watu wa Katesh walimjua wote. Mwaka ule lami ilipokuwa inakaribia na viwanja vya kando ya barabara vikaanza kuitwa viwanja kwa heshima, Bonaventura Sulle, karani mstaafu, alichapisha Arusha kitabu chake cha kwanza, *Safari ya Hilaria*. Humo ndani mlima unaamka usiku kwenda ziwani kunywa maji, ng'ombe wanasikiliza kesi na kukata rufaa, na mwanamke anayefukuzwa na shemeji yake, matanga hayajaisha, anang'oa mlango wa nyumba na kuondoka nao. Popote anapouegemeza na kuufungua, unafungukia nyumba ileile aliyofukuzwa. Ukurasa wa mwisho ulisema: *Hilaria akashika njia.* Basi. Bonaventura aliipenda sana nukta ile. Aliwaambia watu kwamba hadithi kubwa haifungwi, inaachwa wazi.

Sasa, mtu ukimwacha njiani jioni, atalala wapi? Hilaria akawa analala kwa wale waliomaliza kitabu, maana hao ndio waliomfahamu. Dongobesh alilala kwa fundi cherehani. Masakta alipokelewa na mke na mume, nao wakagombana, kwa sababu mume aliruka sura tatu na mke akasema asiyesoma kitabu chote hana haki ya mgeni. Lalamiko la jumla lilikuwa chakula tu. Kitabu kizima Bonaventura hakumpa Hilaria hata kikombe cha uji, kwa hiyo akikaa kwenye sufuria ya makande, hakuna wa kumfikia kwa kula.

Mlango nao waliuzoea. Ukiuegemeza kwenye ukuta wowote na kuvuta kitasa, unamkuta Bonaventura sebuleni kwake, kavaa fulana, anakula.

"Karibuni," anasema.

"Asante mzee, tunapita tu. Shikamoo."

"Marahaba."

Wanafunga. Mwanzoni Bonaventura alifurahi, akahesabu kuwa ni umaarufu. Baadaye akanunua pazia.

"Lakini mimi sijamaliza kitabu chako," Imakulata alimwambia Hilaria pale kibandani. "Nimebakiza kurasa mbili. Umekuja kwangu kwa utaratibu gani?"

"Najua hujamaliza," Hilaria alisema. "Nimekuja kwa sababu maneno ninayoyasema pale mlangoni, ukurasa wa kumi na tisa, si yangu. Nimetembea kote nikiuliza ni ya nani."

Imakulata alijifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa amekusudia kutoufungua ule mlango maisha yake yote. Akaufungua.

Pazia lilikuwa limevutwa upande. Aliona sakafu ya saruji yenye ufa, pale mchi ulipomponyoka mwaka wa kwanza wa ndoa. Aliona msumari wa kofia ya Patriki, na chini yake kigoda cha Patriki, cha miguu mitatu, wamekiwekea redio. Bonaventura alikuwa anatafuna muwa.

"Ah, shemeji," alisema.

Imakulata akafunga mlango, akarudi kwenye vitunguu vyake. Akauza mpaka vikaisha.

Patriki alikuwa mumewe, kaka mkubwa wa Bonaventura. Alipofariki, Bonaventura alimwambia Imakulata akapumzike kwao Dongobesh mpaka matanga yaishe, nyumba wataitazama wenyewe. Aliporudi akakuta kufuli mpya na Bonaventura kasimama nje na mke wake, Eva. Bonaventura alisema nyumba ni ya ukoo, na Imakulata hakumzalia Patriki mtoto wa kiume. Imakulata akamjibu: "Basi nipe hata mlango. Mlango huu niliununua mimi, kwa vitunguu vyangu." Bonaventura akacheka mpaka akashika ukuta. Alipokwisha kucheka, akaingia ndani akatafuta kalamu.

Imakulata alikwenda ofisi moja, wakampeleka nyingine. Ile ya pili walimsikiliza kwa adabu sana, wakasema shahidi muhimu ni marehemu, aje naye. Tangu hapo akapanga chumba Masakta.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Bonaventura aliwaita wasomaji kwenye hoteli ya Gervasi watoe maoni. Alitaka kusikia watu wamepokeaje kazi yake kabla hajaanza cha pili. Walikuja wengi, wengine mpaka kutoka Mbulu. Hilaria alikaa mbele na mlango wake magotini. Imakulata alikaa nyuma, karibu na jiko. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amekwisha kuamua atakachosema, na akakirudia moyoni kama mtu anayetumwa dukani.

Gervasi, mwenye hoteli, ndiye aliyeongoza. Alisimama na kitabu mkononi.

"Mimi nianze. Kitabu ni kizuri. Nimekisoma na chai imenipoa. Ila mzee Sulle, hapa kwenye mlima umetukosea. Umeuandika mlima wa Hanang unaongea Kiiraqw. Kila mtu anajua ule mlima unaongea Kimang'ati."

"Unaongea vyote," mtu mmoja alisema. "Ukiwa na hasira ndio unaongea Kimang'ati."

"Hasira ipi? Umewahi kuukasirisha?"

"Nilichimba mawe kule."

Wakacheka. Katekista wa kigangoni akasema Hilaria hakusali hata mara moja katika sura zote, na hilo limemsumbua. Hilaria akajibu kwamba alitaka kusali lakini hakuandikiwa. Katekista akakubali kwamba hilo basi ni kosa la mwandishi. Kijana mmoja wa pikipiki akasema ng'ombe wa kwenye kitabu wanahukumu haraka kuliko watu, ndiyo maana akajua ni hadithi ya kubuni. Bonaventura aliandika yote, akitingisha kichwa, mtu mwenye raha zake.

Ndipo Imakulata akasimama.

"Maoni yangu ni haya tu," alisema. "Hiyo nyumba inayoonekana mlangoni ni yangu. Naomba mwandishi anirudishie."

Hakuna aliyeshtuka. Wote walijua. Walichokuwa hawajui ni kwamba hilo nalo linahesabika kuwa maoni.

Bonaventura alifunga kalamu taratibu. "Shemeji, tuheshimu kazi ya sanaa. Huyu ni Hilaria. Si wewe. Mambo haya ni ya kubuni."

"Mchi uliotia ufa sakafuni umeubuni wewe?"

"Nimeuona ufa, nikaongezea mchi."

"Basi umebuni vizuri. Ndivyo ilivyokuwa."

Gervasi akasema labda waagize chai.

Hapo mama mmoja mzee wa Kimang'ati aliyekuwa amekaa kando ya dirisha, bangili za shaba mpaka kiwikoni, akagonga fimbo yake chini. Ni Mama Gidabuday. Yeye hakusoma kitabu. Mkwe wake, Loveness, aliwasomea akina mama wa bondeni kiangazi chote, jioni baada ya kukamua, na walikuwa wamemaliza.

"Sisi maoni yetu hatutoi hotelini," alisema. "Mwanamume amemfukuza mwanamke mwenye msiba. Hilo ni la wanawake. Sulle, utakuja uwanjani kwetu keshokutwa. Na usichelewe, tuna maziwa."

Bonaventura angeweza kusema yeye si mtu wa kabila lao. Lakini kila mtu alijua kwamba baraza la wanawake likishakuita, hata njia unayopita hugeuka kukupeleka. Siku ile aliondoka nyumbani kuelekea Babati, akajikuta uwanjani.

Akina mama walikaa duara pana, fimbo mapajani. Hilaria aliwekwa katikati na mlango wake. Imakulata akaenda kukaa kando yake. Wakamtazama, wakasogea, wakampa nafasi.

"Umemfukuza?" Mama Gidabuday aliuliza.

Bonaventura alikuwa na akili. Miaka thelathini ya kazi ofisini ilimfundisha kwamba mtu akitaka kuponyoka, akubali haraka lile dogo. Akavua kofia.

"Nimemfukuza," alisema. "Nimekosa. Nimemkosea Hilaria. Nimemwacha njiani bila kulala wala kula. Nakubali faini."

Akina mama walinong'ona. Mara nyingi wanaume hubisha mpaka jua linachwa.

"Ng'ombe dume mweusi," alisema Mama Gidabuday. "Na umalizie safari yake."

"Nitamalizia leo hii."

"Na mimi?" Imakulata aliuliza.

"Na wewe nini, mwanangu?"

"Mimi ndiye aliyefukuzwa. Maneno ya pale mlangoni ni yangu. Hilaria mwenyewe atawaambia."

"Ni yake," Hilaria alisema.

Mama Gidabuday aligeuza fimbo yake mapajani. Alikuwa mwenye haki, na jambo lenyewe halikuwa na mfano. "Kosa ni lile lile," alisema mwishoni. "Maneno ni yale yale, mlango ni ule ule. Kosa moja halichinjiwi ng'ombe wawili. Amekubali, analipa. Nyama ikiliwa na wote, hayo mambo yamekwisha."

Imakulata alimwangalia Bonaventura. Bonaventura alikuwa anaangalia kofia yake, akiipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Ng'ombe alifika saa ileile, mnono, mweusi tii. Alipokuwa anachunwa, Bonaventura alikaa pembeni akaandika ukurasa mmoja juu ya goti. Ulisema kwamba Hilaria alifika chini ya mlima akakuta nyumba ya bati, vyumba viwili na jiko la nje, ufunguo uko kitasani, na ndani mezani ugali wa moto na maziwa mgando. Loveness akausoma kwa sauti. Akina mama wakaridhika. Wakauliza choo. Bonaventura akaongeza choo.

Hilaria alisikiliza mpaka mwisho. Shingo yake ikanyooka, akaonekana mrefu kuliko walivyodhani.

Nyama ikagawanywa. Kila mmoja alikula, na Hilaria alikula zaidi. Imakulata alipewa pande zuri la kifuani kwenye sahani ya bati. Akaishika sahani, akaiweka chini mbele yake, akakunja mikono.

"Kula, mwanangu," Mama Gidabuday alisema kwa upole. "Ni haki yako."

"Shikamoo, mama. Haki yangu si hii. Sili."

"Usipokula, kwako wewe halijaisha."

"Ndiyo."

Kisha Mama Gidabuday akachukua ukindu, akafunga sahani ile vizuri kwa majani mabichi, akampa aende nayo. Zaidi ya hapo baraza halikuwa na la kufanya. Ng'ombe alikwisha kuchinjwa.

Hilaria alimsindikiza Imakulata mpaka Masakta. Walipofika kwenye chumba cha kupanga, akaegemeza mlango ukutani, ndani, kati ya kitanda na magunia.

"Nakuachia," alisema. "Nyumba niliyopewa ina mlango wake."

"Ina dirisha?"

Hilaria akakumbuka kwamba dirisha halikuandikwa. "Nitazoea," alisema. Wakapeana mikono, akaenda zake kwenye ukurasa wa mwisho. Hakuna aliyemwona tena, ingawa watoto wanaochunga chini ya mlima wanasema kuna mwanamke anayefagia.

Jioni ile Imakulata alioga, akavaa gauni la kanisani, akachukua sahani yake na kuvuta kitasa.

Akasogeza pazia, akaingia. Akaitoa redio kwenye kigoda, akaiweka sakafuni kwa uangalifu, akakaa. Sahani akaiweka mezani, katikati, na kuifungua majani. Nyama ilikuwa inatoa mvuke.

"Shikamoo dada," alisema Eva.

"Marahaba. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Nikumiminie chai?"

"Mimina."

Bonaventura aliinamia kikombe chake. Angemshtaki kwa lipi? Imakulata hakuvunja kufuli, hakuruka ukuta, alipita mlangoni. Alikunywa chai yake, akaulizwa habari za watoto, akajibu nzuri. Saa ya kulala ilipofika, Imakulata alisimama, akafunga ile sahani, akarudi Masakta kwa njia aliyojia, maana karatasi zote za nyumba zilisema ni ya Bonaventura.

Alirudi kesho yake. Na kesho yake. Lami ilipita Katesh, masika ikaja na kwenda, mahindi yakavunwa, na yeye kila jioni aliweka sahani katikati ya meza. Nyama haikuoza wala haikupoa. Eva alijifunza kupanga vyombo kuizunguka. Bonaventura alijaribu kupiga misumari mlango wa mbele, halafu akakumbuka Imakulata hapiti kule. Akaenda ofisi moja kulalamika, wakampeleka nyingine. Ile ya pili wakamwambia alete mlango wenyewe waukague.

Kitabu cha pili kilipotoka, wageni walikuja kutoka Arusha na Babati kumpongeza. Walijaa sebuleni mpaka wakakaa kwenye mikono ya makochi. Saa ile ile pazia likasogea, Imakulata akaingia na sahani yake, akasalimia wakubwa, akaitikia wadogo, akavuta kigoda cha Patriki akakaa. Wageni wakamwangalia, kisha wakamwangalia mwenye nyumba.

Bonaventura alikohoa.

"Huyu," alisema, "ni msomaji wangu."

"Safi sana, mama," alisema mgeni mmoja mwenye miwani, akijisogeza kumpa nafasi. "Na hicho cha kwanza ulikionaje? Maana wengi wanasema mwisho wake ndio wenyewe."

Imakulata alifungua majani taratibu, moja baada ya jingine, mvuke ukapanda katikati yao.

"Sijui mwisho wake," alisema. "Bado sijamaliza."