Mkono wa Mkwe

Mama yangu alikuwa na kansa ya damu, na mtu aliyetakiwa kumshika tumbo kila mwezi alikuwa mume wangu. Kama wewe ni wa kwetu Uriri, umeshaelewa na umeshainamisha kichwa. Kama si wa kwetu, ngoja nikueleze, ingawa hata kueleza kwenyewe kunanitia aibu.

Kwetu mama mkwe anaitwa maro, na maro hazoelewi. Cephas hawezi kumpa mkono ovyo wala kukanyaga chumba anacholala. Mama naye hawezi kulala nyumbani kwangu Homa Bay hata mvua ikinyesha ya gharika. Wakikutana njiani, kila mmoja hutafuta kichaka cha kutazama. Tangu nilipoolewa sijawahi kuwaona wakiangaliana machoni, na nilikuwa nikijivunia jambo hilo. Wenzangu walipata waume wanaowatania mama wakwe zao sokoni. Mimi nilipata mume mwenye adabu, tena klinikal ofisa, ambaye watu wote humwita daktari kwa sababu kwetu koti jeupe halina vyeo.

Uvimbe ulimwanzia mama shingoni, ukaenda makwapani. Haukuuma, lakini alikonda, na mwaka huo wa tisini na nne, miaka ya ukimwi, ukikonda kidogo tu majirani walikuwa wameshakuzika midomoni mwao. Tukampeleka Kisumu, mimi, Cephas na kaka yangu Boaz, ambaye ndiye anayekaa na mama pale bomani. Damu ikapimwa. Daktari aliyetuita kutupa majibu aliitwa Suleman, mtu wa Pwani, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka ikabidi nimtafsirie mama kwa Kijaluo.

Alisema kansa hii ni ya mwendo wa kobe. Wazee wengi huingia nayo kaburini bila kuwa yenyewe iliyowaua. Dawa ipo, vidonge tu, lakini vidonge hivyo huvunja nguvu za mwili. Kumpa mzee kabla ya wakati ni kumwumiza bure, na kumpa baada ya wakati ni kumwagilia mahindi yaliyokwisha kukauka. Sasa wakati wenyewe utajulikanaje? Akasema tuangalie bandama, iliyo chini ya mbavu za kushoto. Ugonjwa ukiamka, bandama hukua ikishuka kuelekea kitovuni. Kila mwezi mtu anayejua aibonyeze, na ikifika kitovuni tusingoje. Kisha akauliza kama katika familia yuko mtu wa hospitali.

Boaz ana mdomo usiojua kupumzika. Akasema kwa majivuno kwamba mkwe wa mama ni daktari, huyo hapo mlangoni.

Suleman akafurahi. Akasema basi mambo yamekuwa rahisi, hakuna haja ya kumsumbua mama na safari za Kisumu. Akampa Cephas vidonge avitunze na akamweleza namna ya kuvitumia. Sisi wote tukatazama sakafu. Hakuna aliyemwambia yule mtu wa watu kwamba alikuwa ameagiza jambo lisilowezekana. Kumweleza kungekuwa kulitaja tumbo la mama na mkono wa Cephas katika sentensi moja, mbele ya wote wawili, na nani angefungua kinywa? Cephas akasema, "Sawa, daktari." Tukarudi nyumbani.

Ikawa kila mwezi Cephas anapanda pikipiki ya kazini kutoka Homa Bay mpaka Uriri. Boaz alikuwa akimsindikiza mpaka mlango wa mama, anaufunga kwa heshima, anaenda zake shambani. Jioni Cephas hunirudia na habari ileile, kwamba bandama haijasonga. Nilimshukuru Mungu. Kusema kweli nilimshukuru na Cephas pia, nikijua jambo zito alilokuwa akilifanya, na sikumwuliza analifanyaje. Nilidhani kutouliza ndiyo heshima yangu.

Kisha nikaenda mwenyewe kusaidia kuvuna. Mama alinipa gauni lake la kanisani nilifumue mshono wa kiunoni, limembana. Nikashangaa. Mikono imebaki mifupa, mashavu yameingia ndani, halafu gauni linabana tumboni? Saa ya kula alichukua matonge mawili ya ugali akasema ameshiba, kuna kitu kinasukuma. Nikamwuliza kama Cephas hakukisikia kitu hicho alipombonyeza.

Mama akanitazama kama niliyetukana.

"Cephas ana heshima," akasema. "Hajawahi kunigusa."

Alilisema kwa fahari. Akaendelea kunieleza jinsi mkwe wake anavyosimama karibu na mlango akiwa ameutazama ukuta, yeye mama amejifunika blanketi mpaka kidevuni, anaulizwa tumbo likoje, anajibu liko sawa, mkwe anashukuru, anatoka. Alitaka nijue nimeolewa na mtu. Nilihisi uso wangu unawaka.

Siku iliyofuata nilirudi Homa Bay nikamkuta Cephas akipiga pasi koti lake. Nikamwuliza bandama ya mama imefika wapi. Akasema haijasonga. Nikamwuliza ameijuaje kwa kuutazama ukuta.

Akaiweka pasi chini. Sijawahi kumwona mwanaume mzima akipungua namna ile mbele ya macho yangu.

"Kila mwezi nilikwenda nikiwa nimepiga moyo konde," akasema. "Nikifika pale mlangoni, mkono unakataa. Yule ni maro, Dolphine."

"Si ungesema umeshindwa?"

"Nimwambie nani? Mlitaka niwaambie haijasonga. Hata wewe ulitaka."

Nilitaka kumtupia ile pasi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini sisi tulikuwa tumezidi, tulikuwa tumemwajiri daktari wa kutufichia. Lakini nilijua pia kwamba hajasema uongo kuhusu mimi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tungempeleka wapi? Madaktari wa serikali walikuwa wamegoma nchi nzima, Suleman mwenyewe hapatikani. Boaz alipoambiwa, alisema tumwache mama apumzike, amekula chumvi nyingi, dawa za nini? Ilikuwa rahisi kwake kusema hivyo. Nikamwambia mama si shamba lake la kuamua lilimwe au lilale, aulizwe mwenyewe. Tukamwuliza. Mama akafikiri, akasema hajachoka kuishi.

"Dawa sijakataa," akasema. "Nakataa mkono. Nimezaa, nimezika, hakuna mkwe aliyeniona. Nikianza leo, nitapita vipi mbele ya watu?"

Kufa na tai shingoni si kwa wanaume peke yao.

Vidonge vilikuwepo, kwenye mfuko wa Cephas. Lakini Cephas alikataa kuvianzisha kwa kukisia, akasema vidonge vile akipewa mtu asiyevihitaji vinaweza kumwua kabla ya ugonjwa. Ni lazima bandama ijulikane. Ndipo nikasema nitaibonyeza mimi. Mimi nilitoka katika tumbo hilo, halinitishi.

Basi Jumamosi asubuhi mama akalala chali kitandani. Boaz akakaa sebuleni. Cephas akasimama nje ya dirisha la chumba, pazia limefungwa, mgongo ameugeuzia ukuta, akawa ananiongoza kwa sauti.

"Usianzie juu kwenye mbavu," akasema, "utaikosa. Anzia chini kabisa, upande wa kulia. Laza vidole. Mwambie avute pumzi, usikilize kama kuna kitu kinakuja kukugonga."

Niliweka mkono. Ngozi ya mama ilikuwa ya moto na nyepesi. Akavuta pumzi, na mara ileile kitu kigumu chenye ukingo kikashuka kikagonga vidole vyangu, chini ya kitovu, mahali ambapo hakikupaswa kuwa. Sikuhitaji kusomea. Nikaondoa mkono kama niliyeungua.

Mama akaushika mkono wangu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Mwambie haijafika," akaninong'oneza. "Nakuomba, mwanangu. Nikifa nitakuwa nimekufa vizuri."

Nje Cephas akauliza, "Umeipata?"

Niliwaza kumpa alichoomba. Lingekuwa neno moja tu, na kila mtu angebaki na heshima yake: mama na blanketi lake, Cephas na ukuta wake, mimi na mume wangu mwenye adabu. Miezi yote tulikuwa tukiishi juu ya neno hilohilo. Nikaona jinsi nilivyo karibu kulisema, nikajichukia.

"Imepita kitovu," nikasema kwa sauti, ili Boaz naye asikie.

Mama akaachia mkono wangu akageukia ukutani. Halafu Cephas akasema, kwa sauti ya mtu anayekokotwa, kwamba hilo ni jambo kubwa, kwamba huenda nimeshika kitu kingine, kinyesi kigumu au misuli, na kwamba hawezi kuanzisha dawa ile kwa mkono wa mtu asiyefunzwa. Ni lazima aishike mwenyewe. Akalisema hilo, lakini hakusogea. Nikafungua pazia. Alikuwa amesimama palepale, sasa amegeuka, kipaji cha uso kwenye ukuta wa nyumba, analia bila sauti. Boaz alikuja mlangoni, akatuona, akarudi.

Ningemvuta mume wangu kwa nguvu? Ningemfunga mama? Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiwa nimechoka na adabu zetu zote, naona aibu kwa ajili yao na kwa ajili yangu.

Kitanda kikalia. Mama alikuwa amegeuka, amelala chali tena. Akaivua leso iliyokuwa kichwani, akaikunjua polepole kwa vidole vyake vya mifupa. Nilidhani anataka kujifunika tumbo. Badala yake akajifunika uso wote, akaingiza ncha zake chini ya shingo, na kwa mkono mwingine akaliteremsha blanketi mpaka nyongani.

"Mwambie daktari aingie," akasema kutoka chini ya kitambaa. "Mkwe wangu abaki huko nje."

Cephas alivua viatu mlangoni. Aliingia akakipigia goti kitanda, akajifuta machozi kwa bega, akaweka mkono. Hakuutazama ukuta. Alibonyeza kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kama anavyofanya kwa watu wengine wote wa Homa Bay, na leso ikawa inapanda na kushuka usoni mwa mama. Alipomaliza alinyanyua blanketi kwa ncha za vidole akamfunika.

"Tuanze leo," akaniambia mimi, si yeye.

"Mwambie daktari nimekubali," mama akasema. Leso hakuitoa. "Yeye akishaondoka, umpelekee mkwe wangu maji ya kunawa. Ametoka mbali."